Ukoo wa Betri

Dukani kwa Shekuwe, pale Langoni,
drili zimepangwa kama maharusi wa kupigwa picha:
ya kijani, ya manjano, nyekundu, buluu.
Nimesimama na elfu kumi na nane pochini,
pesa ya makabati mawili ya jikoni na mlango wa choo.

"Chukua ya manjano," asema. "Mahoteli yote wanayo."
Simjibu. Naigeuza mkononi,
naitikisa karibu na sikio
kama mtu achaguaye nazi.

Mwaka juzi sikusikiliza.
Nilinunua betri kwa kijana mpita njia,
imeandikwa ampea sita kwa herufi za dhahabu,
bei nusu. Nikajiona mjanja.
Siku ya nne, kwa Bi Mwanamkuu, Mkomani,
niko juu ya ngazi, fimbo ya pazia kwapani,
drili ikakohoa,
ikakohoa tena,
ikanyamaza kama mgeni aliyekumbushwa deni.
Usiku niliipasua kwa bisibisi.
Seli tano pale palipostahili kumi,
na katikati, ili mkono uone uzito,
bonge la saruji.
Saruji! Nimebeba jiwe kwenda kutoboa jiwe.

Tangu hapo najua:
drili ni bwana harusi tu,
betri ndiyo ukoo.
Ukiolewa huko umeolewa,
msumeno wao, randa yao, mashine yao ya msasa,
chaja yao ukutani kama picha ya babu,
na betri yao haikai kwa jirani
hata uipake mafuta ya nazi.

Kwa hiyo, Shekuwe, sikuulizi rangi.
Nakuuliza: betri ya pili ni bei gani?
Mwakani itakuwapo,
au nitaagiza Mombasa, niisubiri Mokowe
pamoja na magunia ya vitunguu?
Mota ina brashi au haina?
Volti kumi na mbili zanitosha kwa bawaba,
lakini kuta za Mkomani ni matumbawe na chokaa,
juu laini, ndani roho ya bahili,
na matofali ya Kashmir yataka kumi na nane
na nyundo tumboni.

Shekuwe akacheka. "Mwanatumu, ndoo ukae.
Waniuliza kama kadhi."

Baba alikuwa na keekee ya uta.
Betri yake ilikuwa uji wa asubuhi,
wala haikuwahi kuwa bandia.
Lakini sitaipamba:
miaka yake ya mwisho
vidole havikuweza kufunga kifungo cha kanzu.
Nilimfungia mimi.

Nikatoa kikapuni kipande cha mbambakofi.
"Hapa dukani?" "Hapa hapa."
Matundu kumi na mawili, nahesabu kwa sauti,
vumbi jekundu juu ya daftari lake la madeni.
Kisha nikaweka kiganja juu ya betri.
Ile ya manjano ilikuwa na homa.
Ya buluu ilikuwa na joto la mtoto
aliyetoka kucheza.

Nikachukua ya buluu, na betri mbili,
bila sanduku. Sanduku silitoboi nalo kitu.
Nimebakiwa na mia tatu na hamsini.

Nyumbani nazifuta midomo kwa kitambaa kikavu,
maana chumvi ya hapa hula hata ufunguo uliofichwa.
Siziachi dirishani juani.
Siziachi zikauke kabisa,
wala sizijazi nikazisahau kabatini.
Binti yangu asema nazilea kuliko alivyolelewa yeye.
Huenda.

Usiku wa juzi, saa tatu, umeme ukakatika.
Mtaa mzima giza, feni kimya, watu wanatukana taratibu.
Mimi nilikuwa nimebakiza bawaba moja.
Taa ndogo ya drili ikaangukia mbao.
Trrr.
Twalib akachungulia kutoka darini kwao:
"Mwanatumu! Umeme umeutoa wapi wewe?"

Nikaibana skrubu hadi mwisho kwanza.

"Kwa wakwe."